Sabuni Tatu za Jina Moja

Ulikuwa ule mwaka wa kula ndizi. Muhogo ulioza mu udongo. Unanyanyua shina, unakuta mizizi imekuwa myeusi na laini, hata mbuzi anainusa na kuenda. Hapa mu muji wa Baraka tulikula ndizi asubuhi, ndizi mangaribi, ndizi na samaki ndogo za ndakala, ndizi na majani ya sombe, ndizi na ndizi. Kuna batu benye hufikiri bila bugali mutu hajakula. Nao balikula ndizi, bakashiba, bakalala bakisema hawajakula. Namba ya mwaka sikumbuke. Iko mu makaratasi ya mujukuu wangu, mwenye kuitaka amuulize. Mimi nakumbuka maganda.

Nayakumbuka juu mimi njo niliyapokea. Kwangu iko vile tangu zamani: mwenye kumenya ndizi analeta maganda, mwenye kukamua mawese analeta vikonyo vya ngazi, yale matunda ya muchikichi, vyenye vimebaki bila mbegu, mwenye kupiga maharagi analeta maganda yake makavu. Siku ya kukata sabuni, kila mutu anapata kipande. Nakausha ile yote, naichoma juu ya bati, natia majivu mu chungu yenye kutobolewa chini, namwaga maji polepole. Maji yenye kutoka pale chini, ya rangi ya chai, njo yanapika mawese mpaka yanakuwa sabuni. Ni sabuni nyeusi, laini kidogo. Haina manukato, haina picha ya mwanamuke muzuri juu ya karatasi, haina hata karatasi. Mama yangu aliipika hivyo, na mimi naipika tangu sijaota matiti. Nusu ya bale vijana benye banaendesha pikipiki hapa Baraka balioshwa nayo siku ya kuzaliwa. Leo bananipita mu barabara bakinirushia vumbi.

Balioshwa nayo juu maternite yetu, nyumba ya kuzalia, ilikuwa inaichukua kwangu. Mama mwenye kuzaa anaoga nayo, mutoto anaoshwa nayo, vitambaa vinafuliwa nayo. Sikuwahi kuomba ile kazi. Mama yangu alipeleka sabuni pale, alipokufa nikapeleka mimi, hakuna mutu aliuliza kitu.

Halafu kukaja swali. Mukubwa wa maternite, mwanamuke wa heshima yake, alikuja mwenyewe na mwavuli, akakaa.

"Mama, kuna barua imefika. Musimu huu ukiisha, kitu yote yenye inagusa ngozi ya mutoto mu maternite lazima iwe na karatasi ya serikali. Sabuni, mafuta, poda, yote."

"Ngozi ya mutoto yenyewe iko na karatasi?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Sijakukatalia. Nauliza."

"Karatasi inasema kitu ni nini, iko na nini ndani, na labo, ile nyumba ya kupima vitu, imekipima ikakubali. Bila ile, sabuni yako haitaingia tena. Na mimi sitaki hivyo, unanijua."

Namujua. Batoto bake batatu bote balioshwa na sabuni yangu.

Sikuogopa, juu labo ninayo. Mujukuu wangu alisoma shimi kule Bukavu, yaani elimu ya kujua kila kitu kimeundwa na nini, na anafanya kazi mu labo. Jambo hili nililitangaza ku soko. Batu bengine niliwaambia mara mbili, kama naona ya kwanza haikuwaingia. Namuita mbanda, yaani muke mwenzangu, juu marehemu babu yake alikuwa akimuita muke wake tangu akiwa mutoto wa meno mawili, na mimi nikakubali kuolewa wawili. Nilimutumia neno, akashuka kutoka Bukavu na fomu ya kurasa mingi. Tukakaa nje, mimi namenya ndizi, yeye na kalamu. Mimi ananiita Koko, yaani nyanya.

"Koko, jina la kitu."

"Sabuni."

"Mafuta ya nini?"

"Mawese ya Lubondja. Andika Lubondja. Ya kwingine nayanusa tu, siyanunue."

"Na kitu yenye kuyageuza kuwa sabuni?"

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya kitu yenye batu balikula."

Kalamu ikasimama.

"Koko, siwezi kuandika hivyo."

"Mbanda, ulisoma miaka yote ile, na hujue kuandika 'majivu ya kitu yenye batu balikula'?"

Akaruka lile swali, akaenda mbele.

"Ukali wa maji ya majivu unapimwa na nini?"

"Ulimi."

"Koko."

"Ulimi wangu. Yakiuma na hayakate, yako tayari. Yakikata, unaongeza maji. Kama unataka namba, kata ulimi wangu upeleke."

Akaandika ulimi. Akafuta. Nikamwambia aandike tena, akaandika. Halafu akauliza kama sabuni iko na uchafu kiasi gani. Nilimuangalia. Akasema hapana Koko, si tusi, banauliza kitu yote, hata dawa ya hospitali, hata chumvi: ndani ya mia moja, ngapi ni kitu chenyewe na ngapi ni vingine vyenye vimejiingiza. Nikamuuliza bale benye kuuliza, bao banaoga na nini. Hiyo hakuiandika.

Asubuhi ya kurudi, pikipiki ikiwa inamungoja, alisema: "Koko, nipe vipande tatu vya sabuni, kutoka mapishi tatu. Labo inataka kuona." Akaenda kuoga. Labo inataka kuona nini, hakusema.

Sasa musikilize. Kwetu, mutu wa maana akiomba vitatu, humupe kimoja mara tatu. Wakati tulipeleka vikapu kwa bakwe, siku ya ndoa ya mama yake huyu mujukuu, tulipeleka kapu ya ndakala, kapu ya muchele na kapu ya kuku wazima bakipiga kelele. Kama tungepeleka kapu tatu za ndakala, bakwe bangecheka mupaka leo, na bangekuwa na haki. Kupeleka kitu kimoja mara tatu ni kusema nyumba yako iko na kitu kimoja. Na hapa aliyeomba ni labo, tena ya Bukavu.

Nikafungua sanduku. Nikachagua moja ya maganda ya ndizi, nyeusi kabisa, kazi ya mwaka wenyewe. Ya pili ya vikonyo vya ngazi, ya rangi ya kahawa, ngumu kidogo, yenye povu yake haiishe. Ya tatu ya maganda ya maharagi, ya kijivu, nyororo, yenye bibi bazee banaipenda juu haiwashe. Hii ya tatu naipika mara moja tu kwa mwaka, na sikuwa nazo mingi. Nikafunga kila moja mu jani lake. Mujukuu akatia ndani ya sakoshi bila kuangalia. Dereva alikuwa anapiga honi kama mutu mwenye njaa.

Zikapita siku mingi. Halafu simu.

"Koko! Ulinipatia nini?"

"Sabuni. Na wewe habari za kwako?"

"Sabuni gani?"

"Tatu. Ulisema tatu."

"Nilisema tatu za mapishi tatu! Tunapima tatu juu ya kuonyesha ni kitu kimoja! Leo ukipika, kesho ukipika, mwezi mwingine ukipika, inatoka ile ile! Njo maana ya tatu!"

"Kama banataka kitu kimoja, juu ya nini balisema tatu?"

Rezo ya simu ilikuwa muzuri siku ile. Nikamuelezea mambo ya vikapu na bakwe, tangu mwanzo, na bei ya wale kuku.

"Koko, labo haiko bakwe."

"Nimejua. Bakwe bangeshukuru."

Alishuka tena, na makaratasi. Siku hiyo njo nilielewa kazi yake, na nasema wazi, nilimuheshimu. Kwanza alinionyesha muchoro wenye milima. Kuna mashine inageuza mafuta kuwa muvuke, inayapitisha mu kamba nyembamba yenye tundu ndani, na kila aina ya mafuta inatokea kwa zamu yake na kuandikwa kama mulima. Mawese iko na milima mikubwa miwili, na vilima kando. Ukiangalia vizuri, iko kama ukiwa mu ziwa unatazama upande wa milima ya Bibokoboko. Na sabuni zangu tatu zilikuwa na milima ile ile, urefu ule ule, kama ndugu wa tumbo moja.

"Hapa uko sawa kabisa," akasema. "Mafuta yako haibadilike."

"Nilikwambia. Lubondja."

Lakini majivu. Akasema balichukua waya safi, bakaitia mu maji ya sabuni, bakaiweka mu moto, bakaangalia kwa kioo cha bluu. Sabuni ya duka inapikwa na sude, ile dawa nyeupe ya kuunguza yenye banauza mu gunia. Moto wa sude ni wa njano, na kioo cha bluu kinaufuta. Moto wa sabuni yangu, mu kile kioo, ulibaki, na ulikuwa wa zambarau. Balijua palepale haiko sude. Halafu bakapima na mashine nyingine, na hesabu za zile tatu zikaachana kila moja na njia yake. Ya maharagi ilikuwa hata na chokaa. Na mama mumoja wa labo, mwenye hajawahi kufika huku, mwenye hakuambiwa kitu, aliangalia hesabu ya kipande cha kwanza akasema: hii majivu ni ya ndizi.

Nilikaa chini. Fikiria mwenyewe. Huko Bukavu kuna mutu anaangalia sabuni na anajua Baraka tulikula nini.

"Mwambie na ndakala zilipungua," nikasema.

"Koko, hii haiko ya kucheka. Kwa sheria, hizi ni vitu vitatu. Haziwezi kuingia mu karatasi moja na jina moja. Wanakataa."

"Na musimu?"

"Unaisha. Ukiisha bila karatasi, maternite inakufungia mulango."

Siku mbili baada ya pale, kijana mumoja wa biro ya karatasi, ile ofisi yenye kupiga chapa ya serikali hapa Baraka, alikuja kutusalimia. Kijana wa adabu, shati imepigwa pasi, anazungumza taratibu kama anasoma matangazo ya kanisa. Alikuja na kile kidude cha wino cha kuchovya kidole.

"Mama muzee, mambo iko mwepesi. Sabuni zote zenye zinapita kwangu, karatasi inasema mawese, sude, maji. Sude inajulikana dunia nzima, iko na namba yake, hakuna mutu anaiuliza maswali. Tuandike sude. Mujukuu wako anapika kipande kimoja na sude kule labo, anakikata mara tatu, banapima, zinafanana. Mimi napiga chapa. Wewe unaendelea kupika vile unapikaka."

"Na mutu akijua?"

"Nani atajua?"

"Ile mashine."

"Mashine inapima kitu yenye tunaipatia, Mama."

Hapo alisema kweli, sitamunyima. Nikamugeukia mujukuu wangu. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Fomu ilikuwa tayari imejazwa, na maandishi yalikuwa yake. Penye niliambia iandikwe majivu, paliandikwa sude. Penye nilisema ulimi, hapakuwa na ulimi.

"Mbanda, wewe njo umeandika?"

"Koko, nataka sabuni yako ibaki mule. Mimi pia nilioshwa nayo. Sina njia nyingine ya haraka."

Kijana akafungua wino, akausogeza. Jina langu najua kuliandika, nilifika mwaka wa tatu wa shule. Lakini ku karatasi ya serikali naweka kidole, juu jina mutu yote anaweza kukuandikia ukiwa umelala. Kidole lazima wewe mwenyewe ufike. Nimeweka kidole ku ndoa yangu, ku shamba, ku kaburi la mume wangu. Hakuna hata mahali pamoja penye kidole changu kimesema uongo. Si juu mimi ni mutakatifu, ni juu kidole niko nacho kimoja tu cha ile kazi.

Nikasema: "Siweke kidole juu ya kitu yenye sikukoroga."

"Mama muzee, ni dakika moja."

"Nimesikia. Na mutoto akitokwa na vipele kesho? Mimi nitakuwa nimekufa au niko ku shamba. Muganga atatazama karatasi. Karatasi itasema sude. Atatafuta kitu yenye haiko, na mutoto anajikuna."

"Lakini sabuni yako haijawahi kutoa vipele."

"Kwa hiyo niidanganyie nini?"

Akafunga wino. Alikunywa chai yake yote, akaaga kwa mikono miwili. Nasema ni kijana wa adabu.

Mujukuu wangu hakula siku ile. Kulipokucha aliosha masufuria kwa nguvu, ili nisikie. Nilisikia. Nikamwambia sufuria haina makosa. Akasema, Koko, unajua umefanya nini, kwa ajili ya majivu unaacha bamama bote bale? Nikasema najua. Akasema, kichwa chako ni cha jiwe. Nikasema na wewe umekirithi, njo maana unasugua sufuria mupaka inatoboka.

Baadaye alikaa karibu yangu. Akauliza kikapu kimoja cha maganda kinatoa majivu kiasi gani. Nikamuonyesha na kikombe. Akatoa mizani ndogo mu sakoshi, akapima kile kikombe, akaandika. Akauliza maji kiasi gani, yanashuka kwa muda gani. Akachovya karatasi ndogo yenye kubadilisha rangi, mimi nikachovya ulimi. Nikasema bado. Akasema bado. Kidogo nikasema tayari. Akaangalia karatasi yake, akaiangalia tena, akaandika. Mu daftari lile, kando ya namba, niliona neno ulimi, na mara hii hakulifuta.

Halafu njo akaniambia. Kumbe sheria iko na mulango kwa vitu vyenye havitulie. Kitu yenye kutoka mu majani, mu majivu, mu udongo, yenye haiwezi kufanana kila siku, unaweza kuiandikisha ukisema ukweli wote: kinatoka wapi, kinapikwaje, chini kabisa kinakuwa hivi, juu kabisa kinakuwa hivi, na kati ya hapo njo hicho.

"Na ile siku ya wino, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Lakini tatu haitoshe pale. Banataka mapishi mingi, ya musimu mbalimbali, kila moja ipimwe. Ni kazi ndefu, Koko. Musimu ungeisha kabla."

"Kumbe ulikuwa unaogopa kazi."

"Nilikuwa naogopa bakufungie mulango."

Na alikuwa na haki. Musimu uliisha, na mulango ulifungwa. Mukubwa wa maternite alikuja na mwavuli wake kuniambia uso kwa uso, na machozi yalimutoka, nikamupa kitambaa. Sasa mule kuna sabuni nyeupe yenye picha ya mwanamuke muzuri. Nilibadilisha njia ya kuenda ku soko ili nisipite pale. Njia nyingine iko na matope na mbwa mubaya. Niliifuata vile vile, karibu mwezi. Najua bamama bengine banaingiza yangu mu kikunjo cha kitenge, na mukubwa wa maternite anaangalia dari. Niliwaambia baache. Sabuni yenye kujificha inafanana na mwizi.

Tunapika. Muhogo umerudi kidogo, maganda ya ndizi yamepungua, vikonyo vimeongezeka, na yote inaandikwa mu daftari: tarehe, majivu ya nini, yalitoka kwa nani, ulimi wangu, karatasi yake, kikombe ngapi. Jirani wangu aliuliza juu ya nini maganda yake yanaandikwa. Nikamwambia yanaenda Bukavu kusomwa. Tangu siku hiyo anayaosha kabla ya kuleta. Kila mara pikipiki inabeba vipande, na kila mara nafunga vile viko, vya muzuri na vya mubaya. Kimoja kilikuwa na muchanga. Nilikipeleka na muchanga wake. Mujukuu alipiga simu kusema bameuona.

Wiki iliyopita, yule kijana wa biro amerudi. Alinikuta nakoroga, mawese yameanza kushika. Shati imepigwa pasi. Mu mukono alikuwa na fomu ile ile, lakini chapa ilikuwa imeshapigwa pale chini, nyekundu, yenye mviringo, ya kupendeza. Palikuwa pamebaki tu nafasi ya kidole.

"Mama muzee, nilikuombea. Balikubali kutanguliza chapa. Kesho asubuhi sabuni yako inaingia maternite, mukubwa wa kule nimeshamwambia, anacheka peke yake kwa furaha. Daftari lenu litakuja nyuma, pole pole."

Akaweka kidude cha wino juu ya kiti, akakifungua. Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nikapangusa mumoja, nikapangusa wa pili, kidole kwa kidole. Alianza kutabasamu. Nikamupa mwiko. Akaushika, juu ya adabu yake. Akakoroga. Nilimuacha akoroge mupaka pasi ya shati yake ikaisha mugongoni kwa jasho.

"Mule ndani kuna nini?" nikamuuliza.

Akaangalia mu sufuria.

"Kuna... Mama, mimi sijue. Wewe njo unajua."

"Fomu yako inasema nini?"

"Sude."

Alikoroga tena kidogo, bila kuambiwa. Kule upande wa maternite mutoto alikuwa analia, mupya kabisa, unasikia ni sauti ya leo. Sote wawili tulimusikia.

"Mama muzee," akasema, na alisema polepole, "ile siku nyingine ulitoa jibu, lakini labda sikulishika vizuri. Ulisema je?"

Nikamurudishia vile vile, bila kuongeza, bila kupunguza.

"Siweke kidole juu ya kitu yenye sikukoroga."